Logi ya Hasi Mbili

Harufu ya chaki mbichi na sare zilizolowa mvua ilijaa darasani mwetu msimu wote ule, mwaka wangu wa tano wa sekondari pale Kamina. Baba alikuwa fundi wa reli, na nyumbani tulijua kwamba mimi, binti yake, ndiye nitakayekwenda chuo kikuu. Nilikuwa wa kwanza darasani. Wa pili alikuwa Ngoie, binti wa mama muuza mihogo, msichana mwembamba aliyeketi dawati la mbele yangu na kuuliza maswali bila kuogopa.

Siku hiyo mwalimu wa hesabu aliandika mlinganyo ubaoni: logi ya x, kujumlisha logi ya x kutoa tatu ndani ya mabano, ni sawa na moja. Akaukokotoa vizuri hadi akapata majibu mawili, tano na hasi mbili, akayapigia mstari yote. Ngoie akainua mkono.

"Mwalimu, hasi mbili haiko jibu. Logi ya hasi haiko."

Alikuwa sahihi. Kumi ukiipandisha kwa kipeo chochote, hata kipeo hasi, utapata namba chanya tu. Ndiyo maana sifuri haina logi, wala namba hasi haina. Tano inakubalika, hasi mbili inatupwa. Nililijua hilo tangu jana yake, niliposoma sura nzima kwenye kitabu alichoniazima kaka yangu.

"Weye njo mwalimu sasa?" mwalimu akamuuliza, kana kwamba Ngoie amejipa kazi yake. Kisha akanigeukia mimi. "Wa kwanza wetu aseme. Majibu ni mangapi?"

Nikasimama. Ngoie akageuka kwenye dawati lake akanitazama. Niliwaza alama zangu, na jinsi mwalimu alivyopenda kunisifu mbele ya baba.

"Ni mawili, mwalimu."

Ngoie alifukuzwa kwa ubishi, akaambiwa arudi na mzazi. Kesho yake mama yake alikuja, kanga ikiwa bado na unga wa muhogo, akapiga magoti mbele yetu sote. "Baba mwalimu, umusamehe mutoto yangu. Hajui kunyamaza." Mimi nilikodolea macho daftari langu. Ngoie hakulia. Lakini tangu siku ile hakuinua mkono tena, na mwaka uliofuata alihamia masomo ya ushonaji.

Nilimaliza chuo, nikarudi Kamina kufundisha hesabu. Miaka mingi nilipita mbali na duka la Ngoie la kushona, hadi mwaka jana nilipojikaza nikaingia kupimwa gauni. Alipokuwa akinipima mabega nikamwambia, "Ngoie, siku ile ya logi, nilijua ulikuwa na haki."

Hakusimamisha kazi. "Nilijua kama ulijua," akasema. "Njo maana niliangalia weye, hapana mwalimu." Akaandika vipimo vyangu, akaniambia nirudi Ijumaa.

Siku hizi wanafunzi wangu hunisahihisha waziwazi, nami nafuta ubao na kuwashukuru. Zamani zetu jambo hilo halikuwezekana. Wazazi husema mwalimu huyu ni mnyenyekevu, hana majivuno. Huwa nawaacha waseme, sijawahi kumweleza hata mmoja wao sababu.