Kiwanja cha Lorraine

Bi Verlene Tatum hupiga pasi mashuka. Naanza na hilo ili ujue mapema ni mtu wa namna gani. Alishona viti vya magari kiwandani miaka thelathini na mmoja, akastaafu, akamzika mume, na mguu wake wa kushoto haumpi raha. Hata hivyo nyasi zake ndizo zilizokatwa vizuri kuliko zote upande huu wa Detroit, na ole wake mbwa atakayezikanyaga. Mimi naishi ng'ambo ya barabara. Ni rafiki yangu wa miaka arobaini, na bado ananichosha.

Jirani yake wa ubavuni alikuwa Lorraine Gaddis. Hao wawili walikuwa chanda na pete, wakipokezana sufuria juu ya ua kutwa nzima. Lorraine alipofariki nyumba ilibaki tupu, kisha ikaungua, kisha jiji likaja na tingatinga likaibomoa na kuacha udongo mtupu. Binti yake wa pekee, Renita, alikuwa ameshahamia Georgia. Juma lile lile Verlene aliisukuma mashine yake ya kukata nyasi hadi upande wa pili, na hakuacha tena kwa miaka kumi na mmoja. Mwaka wa pili akapanda sukuma wiki na nyanya, wa tatu akaongeza mawaridi. Hakuna aliyemtuma.

Mtaani kwetu kiwanja kikionekana hakina mwenyewe, hakimalizi wiki. Utaamka ukute mtu amekuja na lori amemwaga matairi na magodoro. Kwa hiyo tuna mbinu zetu. Nyumba tupu tunaitundikia mapazia. Kwenye kiwanja kitupu tunaegesha gari bovu la mtu. Na ile karatasi ya manjano ambayo watu wa kodi huja kuichomeka kwenye kigingi kila majira ya baridi, ndani ya mfuko wa nailoni, tunaing'oa kabla gari lao halijakata kona, maana inawatangazia wezi kwamba hapa hakuna mtu. Verlene aliing'oa kama anavyong'oa magugu. Hakuwahi kuisoma hata moja.

Januari ile nilikuwa jikoni kwake nasubiri mkate wa mahindi uive alipoingia nayo mkononi, theluji bado mabegani. Alikuwa anaitupa kwenye pipa nikaidaka, kwa umbea tu, sina sababu nyingine.

"Shoga, hii ina jina la Renita," nikamwambia. "Kodi ya miaka mitatu haijalipwa. Mwisho wa Machi wanakichukua kiwanja."

Alivuta kiti akakaa. Nilimwona usoni, na sitamsingizia: alifurahi. Sote tunajua kwamba wilaya ikishachukua kiwanja kwa ajili ya kodi, jirani wa ubavuni anaweza kukinunua kwa dola mia moja tu. Verlene alikuwa nazo hizo dola mia, kwenye bahasha, tangu mwaka wa pili wa sukuma.

"Basi Machi," akasema. "Nimengoja kumi na mmoja, sitashindwa miezi miwili."

Tukala. Katikati ya kula akaweka uma chini.

"Mina, nimeng'oa ngapi?"

"Ngapi nini?"

"Hizi karatasi. Mwaka jana niling'oa. Mwaka juzi pia. Huyo mtoto alikuwa anaandikiwa, mimi nikatupa."

"Humtendei ubaya. Wanatuma na barua kwa posta."

"Kwa anwani gani? Amehama mara mbili. Hata kadi yangu ya Krismasi ilirudi." Akaisukuma sahani. "Nimekaa kanisani kiti cha mbele kumbe namwibia mtoto wa Lorraine."

Nikamwambia aache. Nilimwambia kabisa, na ninaungama hapa: mwache Renita, amesahau mwenyewe, kiwanja ni cha anayekihangaikia. Nilikuwa namtakia mema rafiki yangu. Nilishamwona amechuchumaa kwenye lile jua la Julai akiongea na nyanya, na nilijua kiwanja kile kikienda kwa mtu mwingine, na yeye atakwenda nacho. Akanitazama kwa yale macho yake ya kupimia mshono.

"Wewe ungeweza kulala?"

"Mimi nalala popote."

"Ndiyo maana shuka zako ziko vile."

Hata hivyo hakupiga simu siku ile, wala wiki ile. Alikitaka kiwanja, jamani. Februari nzima alizunguka na nambari ya Renita, aliyoipata kwa binamu mmoja kanisani, imekunjwa mfukoni mwa aproni. Bahasha ya dola mia aliihamisha kutoka kabati hadi droo, kutoka droo hadi kabati. Nikimuuliza ananiambia nitazame mambo yangu. Jumamosi ya kwanza ya Machi akaniita nije nikae naye apige.

"Renita, ni shangazi yako Verlene. Hapana, hajafa mtu." Akamweleza yote, moja kwa moja, bila kujitetea. "Mimi ndiye niliyekuwa nazing'oa. Una wiki tatu na siku kidogo. Ukilipa, kinabaki chako."

Kisha nikasikia sauti ndogo kwenye simu: "Nakuja."

Hakuuliza habari za afya wala kusema ahsante. Verlene akakata simu, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Renita alifika Alhamisi, mwanamke mzima sasa, mwenye mvi za mbele kama za mama yake. Akasimama kwenye kiwanja na viatu vya mjini, theluji ikiyeyuka, mabua ya sukuma ya mwaka jana bado yamesimama kwenye mistari. Verlene alibaki kibarazani kwake. Nilimwambia ashuke, akakataa. Alisema si kwake.

"Nani amefanya haya?" Renita akauliza.

"Nani mwingine anayepanda sukuma kwa rula?" nikamjibu mimi.

Akacheka, kisha akalia, kisha akatutia sote wawili garini mpaka mjini. Kwenye dirisha la kodi alilipa yote, na faini juu. Verlene alikaa kwenye benchi, mkoba magotini, mgongo wima. Kimemponyoka, nikawaza, na mimi ndiye niliyeisoma ile karatasi.

Renita akarudi na risiti. "Shangazi, inuka. Ghorofa ya pili kuna karani wa kugonga muhuri. Nakuandikia hati."

Verlene hakuinuka. "Mwanangu, kama ulitaka kunipa, si ungeacha tu? Ningekipata kwa dola mia. Umetupa hela zako bure."

"Wangekichukua kwanza."

"Wangekichukua, halafu wangeniuzia."

"Mama yangu alilipia nyumba ile miaka ishirini na sita akisafisha hospitali," Renita akasema. "Hakuna mtu atakayeandika mahali popote kwamba alinyang'anywa. Aliyekupa ni yeye. Dola moja, shangazi, ndivyo hati zinavyotaka. Na nataka dola yangu."

Verlene akauvuta mkoba. Zipu ikamshinda, nikaifungua mimi. Akampa dola, mpya, isiyo na mkunjo. Bila shaka aliipiga pasi.

Mei, nyasi ziliporudi, nilimtazama kutoka dirishani kwangu. Alikata mistari minne upande ule, akazima mashine, akaketi kwenye ndoo aliyoipindua katikati ya kiwanja, robo tatu ya nyasi bado zinafika magotini. Kwa miaka kumi na mmoja sijapata kumwona ameacha kazi njiani. Nikavuka barabara mbio nikidhani ni mguu.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona hujamaliza?"

Akatazama zile nyasi ndefu, bila haraka hata kidogo.

"Pangu," akasema. "Nitamaliza nikitaka."