Doa Kiunoni mwa Mama

Mama aliteleza kihambani, shamba letu la migomba kule mlimani, akikata majani ya ng'ombe, akavunjika nyonga. Baada ya upasuaji alikaa chumba cha wagonjwa mahututi, kisha akahamishiwa wodini, nami nikawa wa kumuuguza, kwani dada yangu yuko Dodoma.

Asubuhi nesi alinionyesha namna ya kumgeuza: mto katikati ya magoti, mwingine mgongoni, na kila baada ya saa mbili abadilishwe upande.

"Tusipomgeuza atapata vidonda vya kulalia," alisema.

Sikuelewa. Alilazwa apone, halafu kulala kwenyewe kumjeruhi?

Akaweka chini ya visigino vyake glavu zilizojazwa maji. Mchana akaingia nesi mwingine, akazitoa.

"Hizi hatuzitumii tena. Weka mto chini ya mashavu ya miguu, visigino visiguse godoro."

"Lakini sista, mwenzako ndiye..."

"Najua. Nitaongea naye."

Jioni shangazi akafika kutoka Shirimatunda na chupa ya mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Alinikuta namgeuza mama.

"Mwache apumzike! Mtu amepasuliwa juzi tu, wewe unamgeuzageuza kama ndizi ya kuchoma?"

Halafu akaona pale kiunoni, mahali palipokuwa peusi kuliko ngozi nyingine, akataka kupasugua. Yule nesi wa mchana, aliyekuwa bado zamu, akamwahi.

"Usisugue, mama. Unaumiza nyama ya ndani."

Mama naye alikuwa analia kwa Kichagga, akiniuliza amenikosea nini. Nikimgeuza namuumiza, nikimwacha namuumiza. Na mimi ni mtoto wa kiume. Kumshika mama yangu mapajani kulinitia aibu, sikujua nitazame wapi.

Nesi akauchukua mkono wangu, akaweka mgongo wa vidole juu ya lile doa.

"Pana joto?"

Sikujua kama joto lile ni la mama au langu.

"Kidogo," nikasema.

"Basi kidonda kinataka kuanza. Asipalalie hapo kabisa."

Nikashika hilo moja. Shangazi alinung'unika, lakini akaja kushika miguu, tukawa tunamlaza upande huu na ule. Siku zikapita, doa likafifia, ngozi haikupasuka.

Sasa mama anatembea kwa fimbo, ananikaripia nikichelewa kupanda mlimani kumwona Jumapili. Shangazi anaamini ni maombi. Mimi nikiulizwa kilichomwokoa, kugeuzwa au mwili wake mwenyewe, nababaika.