Sekunde za Raundi ya Tatu

Katika soko la Zombe, saa sita haikuwa saa sita mpaka Kiilu agonge chuma. Chuma chenyewe kilikuwa ringi ya gurudumu la lori, kimening'inizwa kwenye mti wa mgunga nje ya kanisa, na nyundo yake ilikuwa bolti nzito ya trekta. Jumapili Kiilu aligonga kuita waumini. Siku za soko aligonga adhuhuri ili wanawake waliotoka mbali wajue ni wakati wa kufunga mizigo. Mtu akifa aligonga pia, polepole. Muda uliobaki alikaa barazani kwenye cherehani yake, akishona suruali na kumshuku kila aliyepita.

Alikuwa mtu wa shaka kupita kiasi. Ukimsalimu, alitaka kujua kwa nini leo umesalimu kwa furaha hivyo. Ukinyamaza, aliuliza majirani una nini naye. Wateja walimzoea, wakasema Kiilu amezaliwa hivyo. Uongo! Kiilu alianza kushuku watu tarehe kumi na mbili Desemba mwaka wa 1971, saa tisa na ushee alasiri, na ninayo sababu ya kutaja saa.

Siku hiyo chifu aliandaa ndondi za kusherehekea Jamhuri. Uwanjani walichimbia nguzo nne, wakazizungushia kamba za katani, chini wakamwaga unga wa mbao. Pambano lililowatoa watu hata Migwani lilikuwa kati ya Nzuki, kijana wa hapo hapo Zombe, na Sugow, Msomali aliyekuwa akileta ng'ombe kutoka upande wa Garissa, mtu mrefu mwenye mikono isiyoisha. Kengele haikuwapo, kwa hiyo chuma cha kanisa kiliazimwa, na Kiilu akaazimwa pamoja nacho. Nani mwingine wa kuaminiwa na wakati? Alikaa mezani na saa ya mkononi aliyoachiwa na baba yake, saa yenye mshale wa sekunde, ambayo soko zima lilirekebishia zake.

Nzuki alikuwa shemeji yake. Syombua, mke wa Kiilu, alikuwa dada yake Nzuki, na siku hiyo alikaa mbele kabisa akiwa na mimba ya miezi minane. Raundi ya kwanza Nzuki alitamba. Ya pili pia. Ya tatu Sugow alimpata. Alimpiga ngumi ya ubavuni, akamsukuma hadi kwenye kamba, akaanza kumtwanga kichwani bila haraka yoyote. Mikono ya Nzuki ilishuka. Syombua alijifunika uso kwa leso, akaanza kulia kwa sauti ambayo Kiilu hakuwahi kuisikia kwake. Kiilu akatazama saa. Zilibaki sekunde arobaini. Akainua bolti, akagonga.

Refa akawatenganisha, majaji wakajumlisha pointi, na mkono wa Nzuki ukainuliwa juu. Watu walipiga kelele hadi mbuzi wa mnadani wakakata kamba. Kiilu alishangilia pamoja nao. Usiku alijiambia saa ilikwama. Saa haikuwa imekwama.

Kabla ya mwezi kwisha, Sugow alituma ujumbe kwamba anataka marudiano. Zombe nzima ilifurahi, isipokuwa mtu mmoja. Marudiano yangewafanya watu wakumbuke raundi ya tatu, waulize, wapimane saa. Kiilu hakulala siku tano. Ndipo habari zikaja kwamba Nzuki amekataa. Hakutoa sababu. Afisa mmoja kutoka Nairobi, aliyekuwa amemwahidi nafasi katika timu ya ndondi ya kazini kwao, alikuja na gari akamsihi arudie, apate kumwona vizuri. Nzuki akatikisa kichwa. Afisa alisema mbele ya watu kuwa yeye hatafuti waoga, akawasha gari akaenda zake.

Nzuki akabaki Zombe akisokota kamba za katani. Alizitandaza chini kila siku ya soko, upande wa pili wa barabara, mkabala na cherehani ya Kiilu.

Mjadala ulizaliwa hapo, na kwa miaka minane haukufa. Kila redio ilipotangaza kwamba bondia fulani wa ng'ambo anamkwepa mpinzani wake, wapenzi wa ndondi walikusanyika barazani kwa Kiilu na kuanza upya.

"Hiyo maneno iko wazi," Musyoka wa bucha angesema, damu ya mbuzi bado mikononi. "Bondia akikataa marudiano, jua kuna kitu alionja. Alionja hapa!" Na angejigonga taya.

"Wewe hujui ndondi, Musyoka," Mutiso angejibu. Mutiso alikuwa sajini mstaafu, aliyejifunza ngumi jeshini, na hakupenda kubishana na raia. "Bingwa ana akili. Umeshinda mtu hatari mara moja. Ukirudia unatafuta nini? Ukishinda tena, hakuna jipya. Ukishindwa, ni wewe umeisha."

"Basi si bingwa huyo!"

Wapo waliosema mganga alimkataza. Wapo waliosema Wasomali walimtisha. Kiilu aliwaacha waongee hadi wachoke, kisha akakata uzi kwa meno na kusema lile lile alilosema kila mara: "Mimi naona aliogopa tu. Mtu akikataa marudiano, anajua kinachomngoja." Alisema kwa sauti ya mtu asiye na upande, na kwa kuwa alikuwa shemeji mtu, neno lake lilikuwa na uzito. Mjadala ungeishia hapo, kabla hajatokea mtu wa kuuliza raundi ile ilikuwa na dakika ngapi. Alijua anachofanya. Na upande wa pili wa barabara, Nzuki alikuwa akisikia yote.

Hilo ndilo lililomtia Kiilu wazimu. Kwa nini Nzuki alinyamaza? Mwanamume anaitwa mwoga mchana kweupe naye anasokota kamba! Kiilu aliamini kuwa shemeji yake anajua, na kwamba anamtunzia siku. Mwaka wa 1975 Nzuki alimletea kamba mpya nene ya kuning'inizia chuma, akakataa malipo. "Ile ya zamani imeoza," alisema, akaenda. Kiilu aliishika kamba ile juma zima akijiuliza inataka kumwambia nini. Mwishowe aliifunga, lakini kila alipogonga aliitazama.

"Kwa nini humpendi ndugu yangu?" Syombua alimuuliza siku moja.

"Nani amekuambia simpendi? Ni yeye amekutuma?"

Syombua akarudi kuchambua pojo zake. Kuanzia hapo Kiilu akamshuku na mke wake.

Sugow alirudi siku ya soko, Agosti ya 1979. Alishuka kwenye lori la ng'ombe, ndevu zimepakwa hina, kitambi kimeanza. Musyoka alimtambua kabla hajakanyaga chini. "Marudiano!" alipaza sauti akitoka mbio buchani na kisu mkononi. "Jamaa amekuja mwenyewe!" Wenzake wakaitikia. Sugow alicheka, akapunga mkono, akauza ng'ombe wake. Kisha akavuka barabara. Zombe ilikuwa na mafundi cherehani wanne siku hizo, na Msomali huyu akawapita watatu, akaja kusimama mbele ya Kiilu.

Kiilu alimshuku tangu mbali. Sugow alipofika, vidole vya Kiilu vilikuwa vimeganda kwenye gurudumu la cherehani.

"Warya fundi," Sugow alimwita kwa Kisomali. "Suruali yangu imepasuka hapa nyuma. Iko na kazi?"

"Iko. Lakini mafundi ni wengi hapa."

"Najua." Akakaa kwenye benchi, akajifunga kikoi, akavua suruali chini yake, akampa. Kiilu akaanza kushona kombo. Sugow akamwangalia. "Ni wewe ulikuwa na chuma?"

Kwa miaka minane Kiilu alikuwa amejitayarisha kwa swali hilo, na majibu yote yakamkimbia. "Ni mimi," alisema.

"Hata mimi nilikuwa na watu wangu wenye saa siku ile." Sugow hakuinua sauti. "Nilitaka marudiano. Nilimwambia Nzuki sharti ni moja tu, yule wa chuma asimame kwanza mbele ya watu, aseme raundi ya tatu ilikuwa dakika ngapi. Basi. Unajua alinijibu nini? Alisema huyo ni mume wa dada yangu, na dada yangu amejifungua juzi. Akasema, kama sharti ni hilo, sirudii. Waambie watu naogopa."

Sindano ilimchoma Kiilu kidole, naye hakuhisi.

"Nilikasirika sana," Sugow aliendelea. "Saa hii nimezeeka, hasira imeisha. Nilitaka tu kukuona. Nilidhani utakuwa mtu mkubwa." Akavaa suruali yake, akaacha malipo juu ya cherehani, akapanda lori. Lori likaondoka na vumbi lake.

Kiilu aliketi pale pale. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Miaka minane alikuwa amekaa mita thelathini kutoka kwa mtu aliyemfichia siri yake, akimwita mwoga kwa sauti ya kusikika. Alimtazama Nzuki ng'ambo ya barabara, ameinama, meno yameshika ncha ya katani, akaona haki iko wapi. Akainuka. Akaenda kwenye mgunga. Ilikuwa saa nane kasoro, saa ambayo chuma hakijawahi kugongwa.

Aligonga hadi mkono ukamuuma. Watu walikuja mbio wakiuliza nani amekufa. Musyoka alikuja, sajini Mutiso alikuja na fimbo yake, Syombua alikuja na unga mikononi. Hata Nzuki alivuka barabara, akasimama nyuma ya wote.

"Hakuna aliyekufa," Kiilu alisema. "Raundi ya tatu ya Nzuki na Sugow haikufika mwisho. Nilikata mimi. Nzuki hakuogopa mtu. Alikataa marudiano ili kunisitiri mimi."

Musyoka akacheka.

"Ati nini? Msomali ameshuka leo, marudiano yanaitwa, na leo leo wewe unakumbuka hayo?" Akawageukia wenzake. "Shemeji amemtuma, huyu! Anamtafutia njia ya kuponyoka tena."

"Hakunituma mtu! Naapa!"

"Kiilu," alisema Mutiso, tena kwa upole, na upole huo ulikuwa mbaya kuliko kicheko. "Ni wewe ulituambia aliogopa. Miaka yote hii, pale barazani. Mtu wa ndani kabisa. Sasa tushike gani?"

"Muulizeni Sugow!"

"Sugow ameenda na lori. Ulingoja aende?"

Kiilu alikuwa amewafundisha mwenyewe, siku moja ya soko baada ya nyingine, na walikuwa wamehitimu. Watu wakaanza kutawanyika wakitingisha vichwa, wakisema sasa ni wazi kabisa kuwa Nzuki ni mwoga, hata shemeji yake anamwonea huruma. Lakini Kiilu aliona jambo moja. Musyoka, akirudi buchani, alitazama saa yake aliyoirekebishia kwa Kiilu, akatazama jua, akatazama tena saa. Na mwingine nyuma yake akafanya vivyo hivyo. Syombua alimtazama mumewe, kisha ndugu yake, akafuta unga mikononi, akaondoka.

Akabaki Nzuki. Alisogea hadi chini ya mgunga, akaishika ile kamba yake ya katani kama anayeikagua.

"Ungeniacha tu," alisema. "Nilikuwa nimeshazoea."

"Nisamehe, shemeji."

"Nilijua ulikata. Nilisikia chuma mapema." Kisha akauliza lile ambalo kumbe hakuwahi kulijua, na lililomweka hai pale kwenye kamba zake miaka yote. "Zilikuwa zimebaki ngapi? Kumi?"

Kiilu angeweza kusema kumi. Neno lilikuwa tayari ulimini. Lakini alikuwa ameshauchoka uongo, na akadhani, mpumbavu yule, kwamba ukweli siku hiyo haungemdhuru mtu mwingine zaidi yake.

"Arobaini," alisema.

Nzuki aliiachilia kamba.

"Arobaini," alirudia. Mkono wake ulipanda wenyewe hadi tayani, ukashuka. "Kumi ningezimaliza nimesimama."

Akavuka barabara, akakunja turubai lake pamoja na kamba zote, ingawa soko lilikuwa bado limejaa, akaenda nyumbani.