Bonyeza Kiungo Hapa Chini

Ukipita siku hizi kwenye korido ya ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi, husikii tena ile sauti. Mlango wa kushoto ulikuwa ukilia kutwa nzima, ting, ting, ting, kama mtu anayegonga glasi kwa kijiko akiomba nafasi ya kuhutubia na hapewi. Ilikuwa simu ya Bi Kiungo. Ilikuwa ikipokea ujumbe ambao, mara nyingi, aliuandika mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mwanachama wa kila kundi aliloliunda, na kwenye makundi mengine alikuwa mwanachama peke yake. Sasa mlango una kufuli, na nyuma yake mwenye nyumba amepanga makopo yake ya rangi. Makopo hayasumbui mtu. Ila ukisimama pale kupumzisha mguu, kimya chake kinakukaa kifuani, nawe hujui ukilalamikie kwa nani.

Wazazi wake walimpa jina zuri tu, lakini hakuna aliyelitumia. Tulimwita Bi Kiungo kwa sababu jambo lililoweza kutumwa kwa simu hakulisema kwa mdomo. Umesimama mbele ya meza yake ya mapokezi, pua kwa pua, unamuuliza miadi yako ni saa ngapi, naye anakujibu kwa upole wa muuguzi, "Nimeshakutumia kiungo, mzee wangu." Siku moja mgeni aliuliza choo kiko wapi. Akaambiwa kuna ramani kwenye kundi.

Chama chetu ni cha watu wenye shida ya viungo: magoti yaliyostaafu kabla ya wenyewe, mabega yaliyoanguka na pikipiki, mikono iliyoshikwa na kiharusi. Kwa busara kubwa, waasisi walikipangia vyumba ghorofa ya pili. Lifti ipo, iko kwenye mpango mkakati. Vyumba vilikuwa viwili. Kimoja kilikuwa ofisi, chenye meza ya Bi Kiungo na kiti cha kuzunguka cha Mkurugenzi. Kingine kilikuwa chumba cha mazoezi, chenye mikeka, vyuma viwili vya kushikilia wakati wa kujifunza kutembea, na baiskeli isiyokwenda popote. Humo alifanya kazi mtaalamu wa mazoezi, mtu mfupi mwenye mikono mizito, tuliyemwita Mnyooshaji. Yeye hakuwa na maneno mengi. Alikuwa na kawaida ya kututumia, kwa simu ya chama, amri fupifupi za kufanya nyumbani: kunja goti, pumzika, kunja tena.

Na humo, kila Jumatatu na Alhamisi, alikuja mume wa Bi Kiungo. Alikuwa fundi cherehani, na kiharusi kilimkuta akimpima bwana harusi kiuno. Mkono wa kulia ukaning'inia kama mkono wa koti lililotundikwa. Kwa miezi Mnyooshaji aliufundisha mkono ule upya, kidole kwa kidole, hadi ukaweza kushika mkasi na kuufungua. Kuufunga ndiko kulikobaki. Mkasi ulikaa wazi mkononi mwake kama mdomo wa mtu aliyesahau neno. "Bado kidogo tu," alisema Mnyooshaji, na kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Ndipo mfadhili aliyetulipia kodi ya vyumba alipoandika kutoka huko aliko kwamba vipaumbele vyake vimebadilika. Kwa lugha ya kawaida, magoti yamepitwa na wakati. Mwenye nyumba naye hakuandika. Alipanda ngazi, akasema mwisho wa mwezi.

Mkurugenzi aliitisha mkutano. Alikuwa ametoka kwenye kongamano, na shingoni bado alikuwa na kile kitambulisho chao cha kamba.

"Ndugu zangu, dunia yote imehamia mtandaoni," alisema. "Sisi bado tuko hapa."

"Tuko hapa kwa sababu kushuka ni kazi," akasema dereva mstaafu, mtu wa goti la kulia.

Mkurugenzi akacheka kama anavyocheka mtu anayeandika jina lako moyoni. Kisha akatangaza kwamba chumba cha mazoezi kitaokolewa na nyenzo za kidijitali, na kwamba Bi Kiungo ameteuliwa kuzisimamia, pamoja na kazi zake za zamani, kwa mshahara wake wa zamani.

Sitamdhihaki kwa bidii yake. Alijifunza kwenye mafunzo ya bure ya mtandaoni, akapata cheti, akakichapisha mwenyewe na kukibandika juu ya meza, mahali pa picha ya watoto. Akatengeneza kalenda iliyotukumbusha miadi. Ilifanya kazi vizuri mno, hata ikamkumbusha marehemu mmoja. Mjane wake akajibu, "Amehama. Mtafuteni huko." Nyaraka zote akazipandisha kwenye hifadhi ya mtandao, zikawa salama kabisa, maana nywila ilisahaulika. Akaanzisha jarida la kila mwezi, lililosomwa kwa makini na Mkurugenzi, aliyekuwa kwenye picha zote.

Kazi kubwa ilikuwa ukurasa wa kuchangia. Ukurasa ulidai hadithi ya mtu mmoja, na sura yake.

"Weka mumeo," alisema Mkurugenzi. "Mgonjwa unaye nyumbani, bure kabisa. Mpige picha akiwa amekata tamaa kidogo."

"Hajakata tamaa, bosi."

"Kidogo tu. Ya kamera."

Alipofika nyumbani akamweleza mumewe, huku akijifanya anapepeta mchele. Fundi alifikiri, akauliza, "Nivae shati gani?"

"Wanataka lililochakaa, baba watoto."

"Mimi ni fundi nguo," akasema. "Nikajitokeze mbele ya dunia na shati lililochakaa, halafu nikipona nani ataniletea kitambaa?"

Bi Kiungo hakubishana naye. Aliondoka na swali hilo, akaupa ukurasa picha ya ile baiskeli. Na kuhusu mumewe hakuandika hata herufi. Aliona aibu kuiombea nyumba yake. Afadhali kuomba kwa niaba ya baiskeli.

Kisha akaandika ujumbe wa kututangazia. Kwa kuwa wengi wetu tuna simu ndogo za vibonyezo, aliutuma kwa namba ileile ya chama, na ulisomeka hivi: "Ndugu mwanachama, ili kuokoa chumba chetu cha mazoezi, tafadhali bonyeza kiungo kilicho hapa chini. Bonyeza mara moja na usubiri. Usipoona mabadiliko, bonyeza tena." Anwani ya ukurasa ilifuata. Lakini ilikuwa ndefu kama mkia wa kesi ya ardhi, na simu zetu ndogo ziliikata. Chini ya maneno hayo hapakuwa na kitu.

Sasa nikuulize wewe msomaji mwenye akili timamu. Una goti bovu. Namba ambayo kila siku hukuamuru ukunje na kukunjua inakuambia ubonyeze kiungo kilicho hapa chini. Utafanya nini?

Tulibonyeza. Majibu yakaanza kuingia, ting, ting, naye Bi Kiungo akadhani ni michango.

"Nimebonyeza," aliandika dereva mstaafu. "La kushoto halina neno. La kulia limelia."

Bibi mmoja muuza vitambaa, mkongwe wa chama, alipiga kabisa. "Mwanangu, nibonyeze kwa kidole au kwa ngumi?"

"Kwa kidole, bibi. Taratibu tu."

"Nimeshabonyeza. Sioni mabadiliko."

"Basi bonyeza tena, bibi."

Bibi akabonyeza tena, kwa utiifu. Mtu wa bega akauliza kama na yeye anahusika, maana chake kiko juu. Mkurugenzi alikaa mbele ya kompyuta akiutazama ukurasa, nao ulionyesha sifuri. "Labda unapakia," akasema.

Asubuhi yake korido ilijaa. Walipanda mmoja mmoja, wamekumbatia kishikio cha ngazi, magoti yamevimba, na kila mmoja alitaka kujua ni daktari gani huyu aliyeagiza tiba hii. Bi Kiungo alisimama nyuma ya meza yake, simu mkononi.

"Ni kiungo cha mtandao," alisema. "Kiungo cha kwenye simu, jamani."

"Dada yangu," akasema dereva mstaafu, "mimi vyangu vibovu vinanitosha. Cha simu kipeleke kwa fundi simu."

Walicheka, hata walioumia. Mnyooshaji alitoka na ndoo ya maji baridi na matambaa, akaanza kufunga magoti bila kuuliza. Kicheko kilipotulia, bibi wa vitambaa, mguu wake juu ya kiti cha Mkurugenzi, akauliza, "Lakini kwani mlikuwa mnataka nini?"

Nadhani kama simu ingekuwa na uwezo wa kumjibia, Bi Kiungo angeiachia. Aliitazama. Akaiweka mezani, kioo kikiangalia chini.

"Tunataka mchango," alisema. "Chumba kinafungwa mwisho wa mwezi. Mume wangu anaufungua mkasi, lakini hajaweza kuufunga. Chumba kikifungwa, hataufunga."



"Sasa si ungesema hivyo," akasema bibi, akifungua pochi. "Mimi nimejitwanga goti bure."

Walichanga palepale, na waliokuwa hawana kitu walirudi jioni na watoto wao walionacho. Katika taarifa yake kwa kamati, Mkurugenzi aliandika kwamba kampeni ya kidijitali ilivuta wageni wengi ndani ya muda mfupi, na kwamba muda wao wa kukaa ulikuwa wa kuridhisha. Hakusema uongo. Wengine walikaa hadi alasiri wakisubiri uvimbe upungue.

Lakini michango ya watu wa magoti ina urefu wa magoti. Ilitosha kulipia chumba kimoja. Kamati ikakaa kuchagua, na Mkurugenzi alikuwa ameshachagua.

"Ofisi ndiyo ubongo," alisema. "Mazoezi yanaweza kwenda mtandaoni. Mnyooshaji atajirekodi video, watu wafuatilie majumbani."

"Video haimdaki mtu akianguka," akasema Mnyooshaji.

Bi Kiungo, aliyekuwa akiandika kumbukumbu za kikao, aliinua mkono.

"Bosi, kalenda yetu iko wapi?"

"Mtandaoni. Wewe ndiye uliyeiweka."

"Na nyaraka?"

"Mtandaoni."

"Na wewe, kikao cha wiki iliyopita, ulihudhuria ukiwa wapi?"

Mkurugenzi akakohoa. "Nilikuwa mtandaoni, ndiyo. Kulikuwa na mvua."

"Basi ofisi tulishahama," akasema. "Hapa tunalipia meza."

Kamati ikapiga kura, chumba cha mazoezi kikabaki. Bi Kiungo aliyaandika matokeo kwa mwandiko wake mzuri wa duara, ingawa alijua vizuri kuliko wote kwamba meza inayozungumzwa ni ile yenye cheti chake. Chama kisicho na mapokezi hakina haja ya mpokeaji. Hilo hakuna aliyemtumia ujumbe. Mkurugenzi alimwambia mwenyewe, kwa mdomo, akitazama dirisha.

Mkurugenzi sasa anaongoza kutoka nyumbani kwake, nyuma yake pana picha ya maktaba ambayo si yake. Ukurasa wa kuchangia bado uko hewani. Mara ya mwisho ulionyesha mchango mmoja, ambao Bi Kiungo aliutoa mwenyewe siku ya kwanza ili aone kama unafanya kazi. Fundi alikuja Jumatatu na Alhamisi hadi mvua zilipoisha, na asubuhi moja, mbele ya baiskeli, mkasi ulijifunga. Ulikata kipande cha gazeti, upogo kama njia ya mlevi. Mnyooshaji alikiokota, akakitazama huku na huku, akasema, "Haya, kingine." Siku hizi fundi anakata mistari iliyonyooka. Kola anampa jirani akate.

Bi Kiungo yuko kwenye kaunta ya duka la vipuri vya magari, mtaa wa pili kutoka hapa, tangu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na Jumapili hawafungui.