Sakafu ya Mzee Ogola

Nekoye aliingia Nakuru mwaka wa 1951 akiwa na kikapu kimoja, binti wa miaka mitatu, na kuku aliyekufa kwa baridi treni ilipokuwa ikipanda Timboroa. Mumewe, Wasike, alikuwa amemtangulia kwa mwaka mmoja. Kazi yake ilikuwa kubeba magunia ya ngano yaliyoletwa na malori kutoka Mau Narok na kuyapanga kwenye mabehewa ya reli. Nekoye alimtupa yule kuku nyuma ya stesheni akasema mji huu umeanza kula kabla yao.

Walipanga chumba Bondeni, katika safu ya vyumba sita vya Mzee Ogola, fundi wa reli aliyestaafu. Vyumba vyake vilikuwa na sakafu ya simiti, jambo ambalo majirani wake hawakuwa nalo, na kwa sababu hiyo alidai amana ya shilingi arobaini kabla ya kumpa mtu ufunguo. Wasike alikuwa amemlipa kidogo kidogo kwa miezi minne kabla Nekoye hajafika. Karatasi iliandikwa. Kwa kuwa Wasike hakujua kusoma, Ogola alimsomea kwa sauti, kisha akamweleza kwa maneno yake mwenyewe: siku mkihama, nikute sakafu kama mlivyoikuta leo, na pesa zenu mtazipata. Wasike akatia dole gumba. Karatasi ikaingia kwenye mkebe wa biskuti, na mkebe ukaingia chini ya kitanda cha Ogola.

Nekoye alizaa mara mbili katika chumba kile. Mtoto mmoja alikufa kabla ya kupewa jina. Wa pili, mvulana, aliishi. Namalwa, yule binti aliyekuja naye, alikua akijua bomba la mtaa, mlio wa filimbi ya reli, na mwanamke wa chumba cha pili aliyeitwa Wariara, ambaye mumewe alichukuliwa na lori la askari na hakuandika barua tangu hapo.

Mwaka wa 1957 Wasike alianza kukohoa, na kikohozi hakikumwacha. Baiskeli iliuzwa, kisha kitanda, kisha meza. Alipokufa mwezi wa nne, kilichobaki kilitosha jeneza tu. Nauli ya kumpeleka maiti nyumbani haikupatikana, akazikwa makaburi ya mji pamoja na watu ambao Nekoye hakujua ni wa kabila gani.

Wiki tatu baadaye mfanyakazi mmoja wa reli alileta barua kutoka kwa ndugu wa Wasike, karibu na Kimilili. Wariara, aliyekuwa amesoma hadi darasa la nne, ndiye aliyeisoma. Ukoo ungekaa Jumamosi ya wiki ile kugawa shamba la baba yao. Mjane akiwepo, fungu la Wasike litakuwa la watoto wake. Asipokuwepo, watajua ameamua kuwa mtu wa mji, na ndugu watagawana.

Nekoye alikuwa na shilingi sita, zisizotosha nauli. Kodi ya mwezi ilikuwa imelipwa, na yeye hakuwa na deni la mtu. Alikwenda kwa Mzee Ogola siku hiyo hiyo, Jumanne, akamweleza na kuomba amana yake. Ogola alimpa pole. Alisema atakuja kukagua Alhamisi alasiri, na sakafu ikiwa sawa atamlipa palepale mlangoni, apande treni ya Ijumaa. Hakuwa na hila aliposema hivyo. Wariara mwenyewe, ambaye hakumpenda Ogola, alikubali kwamba hakuwa na hila.

Kwa kina Nekoye, mtu akihama nyumba ya watu haiachi na nyayo zake. Huisiriba sakafu upya, ili anayeingia akute pameshikwa na mkono safi. Kuiacha bila kuisiriba ni kumtukana mwenye nyumba. Na ikiwa mtu amefia humo, ndiyo zaidi. Mama yake alifanya hivyo, na nyanya yake. Simiti ya Ogola ilikuwa imepasuka hapa na pale, na mahali kilipokuwa kitanda palikuwa na madoa ya siku za mwisho za Wasike ambayo hayakutoka kwa sabuni.

Jumatano asubuhi, basi, alimfunga mtoto mgongoni, akaenda na Namalwa hadi kwenye mazizi ya stesheni, walikopumzishwa ng'ombe wa kusafirishwa. Walirudi na karai mbili za samadi mbichi. Akachanganya na udongo wa kichuguu na jivu, akapiga magoti, akaanza pembeni. Namalwa alishika upande wa dirisha. Walisiriba mara mbili, na tabaka la pili Nekoye alilichora kwa vidole, mistari ya nusu duara inayofuatana kutoka ukutani hadi mlangoni, kama mawimbi ya ngano. Wakalala kwa Wariara ili ikauke. Nekoye alisema hajawahi kusiriba sakafu vizuri kama ile.

Ogola alikuja Alhamisi saa sita badala ya alasiri. Alisimama mlangoni na kofia mkononi. Hakuingia.

"Mama Namalwa," alisema, "simiti yangu iko wapi?"

Nekoye alimwambia iko chini, iko salama, na nyufa zake zote ameziziba.

"Hata mama yangu alisiriba hivi," Ogola alisema. "Hata hii mistari. Nikiwa mtoto ningelala hapa saa hii. Lakini Ijumaa naleta mpangaji karani. Karani atakuja na viatu na mke wa viatu. Nitamwambia nini kuhusu mavi ya ng'ombe?"

"Ulisema ukute kama tulivyoikuta."

"Ndiyo. Na nyinyi mlikuta simiti."

Aliangalia saa yake ya mfukoni, ya reli. Akasema atarudi saa kumi. Akiona simiti yake, arobaini zote ziko mfukoni, na akaugonga mfuko ili Nekoye asikie.

Wariara alishauri maji. Maji yangelegeza udongo, kisha ufagio ungemaliza kazi. Lakini bomba la mtaa lilifunguliwa asubuhi na jioni tu, na katika vyumba vyote sita mlikuwa na ndoo moja na nusu. Waliimwaga. Ikalowesha kipande cha ukubwa wa mkeka wa mtoto. Kule kwingine, udongo wa kichuguu ulikuwa umeshika kama ulivyokusudiwa kushika.

Nekoye akaazima jembe.

Alianza polepole, akilaza jembe, akikwangua kama mtu anayekwangua ukoko wa ugali. Namalwa alikusanya vumbi kwa mikono akalitoa nje kwa karai. Saa nane ikapita. Nekoye akaongeza nguvu. Alipofika mahali pa kitanda, kipande kiliinuka chote kwa pamoja, kipana kama sinia. Upande wa juu kilikuwa na samadi, katikati na ngozi ya kijivu, na chini yake kulikuwa na ardhi nyeusi ya Bondeni. Aligeuza kipande kile mkononi. Simiti ya Mzee Ogola haikufika unene wa ukucha.

Hakuacha. Wariara alimwambia aache, naye akaendelea, kwa kuwa aliamini mahali pengine itakuwa nene. Saa kumi ilipofika, nusu ya chumba ilikuwa ardhi tupu.

Ogola alirudi, akaiangalia kutoka mlangoni.

"Simiti yako ni nyembamba kama chapati ya hoteli, Mzee," Wariara alisema kutoka uani. "Ulipaka au ulipuliza?"

"Ilikuwa nyembamba," Ogola akajibu, "lakini ilikuwepo."

Aliwaonyesha karatasi, lile dole gumba likiwa bado jeusi. Arobaini, alisema, hazitatosha hata mchanga na fundi. Nekoye hakubishana. Alibaki amekaa kwenye kizingiti, jembe magotini, akauliza kama anaweza kupewa nauli tu, na nyingine zibaki. Ogola alisema amana haikatwi vipande. Kisha, baada ya kuvaa kofia, akasema kuna njia. Angemkopesha ishirini za kwake, si za amana. Namalwa abaki kwake, amsaidie mkewe na watoto wadogo, mpaka ishirini zirudi. Atakula wanachokula wao.

Wariara hakuwa na shilingi ya kutoa. Alimwambia Nekoye kwa sauti ya chini kwamba mtoto si sufuria ya kuwekwa rehani. Nekoye akamwuliza shamba je.

Ijumaa Namalwa aliwasindikiza mama yake na mdogo wake hadi lango la stesheni. Alikuwa na vumbi la samadi kwenye kucha. Nekoye alimwambia atarudi baada ya mavuno.

Jumamosi alikaa mbele ya ukoo, akapewa fungu la Wasike, upande wa chini ambako maji husimama. Mavuno ya kwanza yaliliwa na maji hayo. Ya pili yalimpa magunia matatu, akauza mawili. Alirudi Bondeni mwezi wa kwanza mwaka wa 1959, akaweka ishirini mkononi mwa Ogola. Ogola alizipokea, akaita ndani. Namalwa alitoka akiwa na mtoto wa watu mgongoni. Alikuwa amerefuka. Alimsalimu mama yake kwa Kiswahili, kama wanavyosalimiwa wageni.

Wakapanda treni. Walifika nyumbani asubuhi. Nekoye alikuwa amesiriba sakafu ya nyumba yake siku mbili kabla ya safari, mistari na yote, ili binti yake aikute mpya. Namalwa alisimama mlangoni, akavua viatu alivyopewa na mke wa Ogola, akavishika mkononi. Hakuingia.

"Mama," aliuliza, "hii tutaikwangua lini?"