Asali Isiyotaka Kutembea

Katika ukoo wetu, mimi ndiye wa kwanza kurudi Kwihara na stashahada ya elektroniki, na sikusomeshwa na mtu. Nilijisomesha Dar kwa kutengeneza simu za watu. Kwa hiyo nilipomletea mama mashine ya kuvutia dawa ya pumu, sikuikabidhi kimyakimya. Niliifungua mbele yake na mbele ya mama mkubwa, dada yake aliyekuja kutoka Kigwa.

Ndani kuna kisahani cha chuma kinachotetemeshwa na sauti ya juu mno, sikio haliipati. Nilikidondoshea maji, nikakiinamisha. Maji yakajitandaza yakawa utando mwembamba, utando ukapanda mwinamo wenyewe, kisha ukapasuka ukawa ukungu.

"Maji yanapanda mlima!" mama mkubwa akaruka. "Umetuletea jini, baba."

"Ni sauti, mama mkubwa. Inayasukuma."

"Sauti gani? Mbona siisikii?"

Nilicheka. Nilijiona profesa.

Siku chache baadaye, mchana, nilikuwa uani nafungua redio, nikasikia kifua cha mama kinapiga filimbi. Nilimkuta ukingoni mwa kitanda, mabega yamepanda, midomo inageuka kijivu. Mashine alikuwa nayo mdomoni. Taa yake inawaka. Ukungu hakuna.

Nilimpigia simu kijana wa bodaboda; alikuwa mjini, akasema anageuza. Nikafungua mashine. Vidole vikanata.

"Nani katia nini humu?"

"Asali," mama mkubwa akasema. "Dawa ya kifua bila asali ni dawa? Nikaona kama jini wako anapandisha maji, na asali ataibeba."

Kwetu Unyamwezini kifua hutibiwa kwa asali. Hata kumgombeza sikuweza. Lakini asali ni nzito. Inaimeza ile sauti, inalala palepale. Nilimimina maji ya moto kutoka chupa ya chai, nikaosha kisahani, nikaosha tena. Nikadondoshea maji safi. Tone likakaa. Halikusogea.

Nyuma yangu filimbi ilikuwa inafifia. Mgonjwa wa pumu akinyamaza kabla hajapata dawa, usishangilie: hewa ndiyo inayokwisha.

"Baba, fanya haraka," mama mkubwa alinong'ona. "Mbona hasikiki?"

Nikafuta tena kwa ncha ya kanga ya mama mkubwa. Tone likatikisika. Likajitandaza, likawa utando, utando ukaanza kutambaa. Nikamwaga yale maji, nikatia dawa. Ukungu ukatoka.

Mama alivuta, akavuta, mpaka filimbi ikarudi kifuani. Sijawahi kuipenda sauti mbaya kiasi kile.

Bodaboda ilipofika, mama alikuwa anaweza kusema. "Hiyo asali iliyobaki," alisema, akikata pumzi kila neno, "msiitupe. Nitailamba."

Tulimpeleka hospitali hata hivyo. Nilikaa nyuma yake kwenye pikipiki, sikio nimelibandika mgongoni mwake, stashahada yangu yote ikisubiri pumzi inayofuata.