Katana Alirudi Majini

Siku tuliyogawiwa magari kulikuwa na joto la kawaida la Changamwe, lile linalochanganyika na moshi wa malori hadi ulimi unapata ladha ya dizeli. Mke wa mlinzi alikuwa anauza mahamri na mbaazi langoni mwa yadi. Nilikuwa nimeshakula, nimenawa, nimesimama kando ya Landikruza mbili nyeupe, na moyoni najua ipi ni yangu. Moja ilikuwa na bomba refu jeusi lililopanda ubavuni mwa kioo cha mbele hadi usawa wa paa, ili injini ivute hewa kutoka juu hata gari likiingia majini. Madereva tukiliita pua. Ile nyingine ilikuwa gari tu.

Mimi ndiye dereva niliyekuwa na miaka mingi zaidi katika shirika lile la misaada. Na pua ile niliifunga mimi, kwa mikono yangu, nikaziba kila kiungo. Mkuu wetu akatoka ofisini na funguo, akanipita, akampa Katana.

"Gari la mbele atachukua Katana," alisema. "Anajua kuongea na watu njiani."

Hilo lilikuwa kweli, na ndiyo maana liliniuma. Katana alikuwa Mgiriama aliyekulia Mtongwe, mrefu, mwenye kicheko kilichotangulia kabla hajaingia mlangoni. Askari wa vizuizini walimwachia njia huku bado wanacheka. Mimi ni Mkamba, baba yangu alikuja kufanya kazi bandarini, nimezaliwa na kukulia Changamwe, lakini watu wakinisikia huniuliza kwetu ni wapi. Katana hakuwahi kuulizwa.

Halafu alikuwepo Sidi. Alikuwa nesi wa safari zetu, binti wa Frere Town, mpole, mwenye mikono iliyotulia. Mimi akiniita "kaka Mutua." Katana akimwita Katana tu. Wakikaa pamoja waliongea Kigiriama, wakacheka, kisha Sidi akanigeukia na kunitafsiria kwa adabu. Kichekesho kilichotafsiriwa hakichekeshi. Nilitabasamu hata hivyo.

Kazi yetu ilikuwa kupeleka dawa ng'ambo ya mpaka, katika mji mdogo uliokuwa na zahanati, sokoni pake panauzwa maziwa ya ngamia na betri za redio. Vita vilikuwa mbali, au tuliambiwa hivyo. Kati ya mji ule na barabara ya kurudi kwetu palikuwa na mto. Wakati wa kiangazi ulivukwa na mbuzi bila kulowa tumbo.

Mvua zilipoanza, maji yakapanda. Madereva wa malori wakawa wanakaa ukingoni kungoja. Nikaanza kuliandaa gari langu, maana halikuwa na pua na sikutaka kuonekana wa nyuma.

Watu hufikiri maji huua injini peke yake. Injini ni kweli, ikivuta maji mara moja tu imekwisha. Kwa hiyo niligeuza mdomo wa bomba la hewa ukatazama juu, nikapaka grisi penye nyaya, nikakata turubai la kufunga mbele ya gari ili lisukume maji pembeni. Lakini giaboksi nayo hupumua. Ina kitundu kidogo juu yake, na difu, zile gia za katikati ya magurudumu, zina vyao. Ukiendesha mwendo mrefu, giaboksi inachemka. Ukiiingiza ghafla kwenye maji baridi, hewa ya ndani hujikunja, na kitundu kile kinavuta chochote kilicho karibu. Kikiwa chini ya maji, kitavuta maji. Dawa yake ni kukiunganisha na mpira mrefu na kuupandisha hadi ndani ya bonneti, giaboksi ivute hewa badala ya maji. Na kama una nafasi, ungoje gari lipoe kwanza.

Mpira sikuwa nao. Katana ndiye aliyeupata. Aliomba zahanati wampe mipira ya dripu iliyokwisha muda wake, wakampa. Akaja nayo imezunguka shingoni kama shada la bwana harusi. Tulipoipima, ilitosha gari moja.

"Funga kwako," alisema.

"Gari la mbele ndilo lako."

"Langu lina pua bwana. Lako halina kitu. Funga."

Aliyasema kwa wema, Sidi akiwa amesimama pale anasikia. Ningependa anipe faraghani, au asinipe kabisa. Nililala chini ya gari mchana kutwa nikifunga mipira aliyonipa mwenzangu, nikisikia vicheko vyao kivulini. Nilikaza kila kibanio hadi vidole vikachubuka.

Vita vilifika asubuhi, watu wakiwa sokoni.

Kwanza tulisikia mlio kama wa bati linaloanguka mbali. Wauza maziwa wakainua vichwa. Wa pili ulikuwa karibu. Mwanamke mmoja akaanza kukunja mkeka wake wa biashara taratibu, kwa mpangilio, kama anayefunga jioni. Kisha akaacha kila kitu akakimbia.

Wakaletwa majeruhi. Sidi akawafunga walioweza kufungwa. Daktari wa zahanati akasema wanne hawatapona bila upasuaji, na hapo hapana upasuaji tena. Tuwatoe. Watatu tukawalaza katika gari la Katana, pamoja na Sidi. Mmoja akakaa kwangu na ndugu wawili wa majeruhi na maboksi ya dawa.

Njia ya kwenda mtoni ilikuwa tope tupu. Tuliendesha kwa gia ndogo, injini zinalia, na nyuma yetu moshi ulikuwa umesimama juu ya mji.

Mto ulikuwa wa rangi ya kahawia, mpana kuliko nilivyowahi kuuona. Katana akashuka, akauingia hadi kiunoni, akarudi.

"Unapitika," alisema. "Hatuna nafasi ya kungoja magari yapoe."

Nilifunga turubai. Nikavua mkanda wa feni, feni isije ikapiga maji na kujikita kwenye rejeta. Nikamfungulia na wa kwake.

Akaingia.

Maji yakafika kwenye taa, yakalamba ukingo wa bonneti. Pua ilibaki juu. Gari lilikwenda polepole, halikusita, likisukuma wimbi mbele yake, na nilimwona Sidi dirishani amemshika mgonjwa kichwa. Akatokea ng'ambo, maji yakimiminika milangoni.

Hata pale, huku risasi zinasikika, nilimwonea wivu kwa jinsi alivyovuka vizuri.

Nikaingia.

Gia ya pili. Mguu mbali na klachi. Usikanyage klachi majini, usibadilishe gia, usiachie mafuta. Maji yakanifika magotini ndani ya gari. Injini ikaendelea kupiga.

Karibu na ukingo gurudumu la nyuma likadumbukia shimoni.

Gari likalala upande. Ndugu wa majeruhi wakapiga kelele. Magurudumu yalizunguka bila kushika kitu. Niliendelea kukanyaga mafuta, maana injini ikizimika pale haiwaki tena, na maji yangeingia kupitia bomba la moshi.

Risasi zikapiga maji nyuma yetu. Hazikuwa na sauti kubwa. Zilikuwa kama mtu anayetupa kokoto.

Nikainua macho nikaona taa nyekundu za nyuma za gari la Katana. Zilikuwa zinanijia.

Alikuwa anarudi kinyumenyume majini, na gari lake lilikuwa bado linafuka joto la safari ya kwanza. Wagonjwa alikuwa amewashusha kwenye nyasi. Akaruka na kamba, akazama, akaibuka, akaifunga kwenye ndoano yangu.

"Nikivuta, nifuate!" alipiga kelele.

Alivuta. Niliisikia giaboksi yake ikinguruma chini ya maji. Alivuta mara ya kwanza tukarudi palepale. Akavuta tena. Gurudumu likapanda.

Tukatoka majini. Alinipiga bega, akaenda kuwabeba wagonjwa.

Tukarudisha mikanda ya feni, tukaendesha mpaka jua likaanza kushuka. Ndipo gari la Katana lilipoanza kulia, mlio mwembamba mwanzoni, halafu kama mawe ndani ya kinu. Tukasimama kwenye miiba. Nikaingia chini, nikafungua nati ya giaboksi. Oili iliyotoka ilikuwa kama chai ya maziwa, imechanganyika na maji, na ndani yake vipande vidogo vya chuma vinang'aa. Nikafungua ya kwangu. Ilikuwa safi, nyeusi.

Katana aliinama akaitazama ya kwake, kisha ya kwangu.

"Umefunga vizuri," alisema.

Tulimimina oili kidogo tuliyokuwa nayo akiba. Gari lilikwenda mwendo mfupi, likapiga kelele moja, magurudumu yakakwama. Halikusogea tena. Kutoka tulikotoka ilisikika injini ya gari jingine, mbali, sauti yake ikija na kukatika.

Tulitupa maboksi yote ya dawa njiani. Tukawapanga majeruhi wanne ndani ya gari langu, miguu juu ya miguu. Sidi akajibana katikati yao, mkono mmoja umeshika chupa ya dripu juu. Hapakubaki nafasi. Ndugu wawili wakasema watatembea, kuna kijiji cha jamaa zao upande wa vilima.

"Nitakwenda nao," Katana alisema.

"Panda juu ya paa," nilimwambia.

"Na wewe uvuke makorongo ya mbele na uzito huo? Nenda Mutua. Gari lako zima."

Akaenda dirishani kwa Sidi, akamwambia maneno machache kwa Kigiriama. Sidi akamjibu neno moja. Mimi nilikuwa nimeshika usukani, nasikia na sielewi.

Nikaondoa gari. Kwenye kioo nilimwona anatembea nyuma ya wale wawili, hana haraka, ameweka shati begani.

Majeruhi watatu waliishi. Wale ndugu wawili walifika mpakani baada ya siku kadhaa, nyayo zimepasuka. Walisema walikuwa wamejificha vilimani bila maji. Katana akawaambia ndani ya gari alikuwa ameacha dumu, akarudi kulichukua. Wakasikia milio ya risasi. Walimngoja, kisha wakaogopa kungoja.

Mwili wake hatukuupata. Shirika lilituma watu wawili mara mbili, wakarudi mikono mitupu.

Sasa nina karakana Kiembeni. Wananiletea magari makubwa vijana wenye kupenda safari za porini, wanataka niwafungie pua ili wapige picha. Nawafungia. Kisha nawaeleza habari ya giaboksi, nao wananitazama kama ninayetaka kuongeza bei.

Sidi ni mke wangu. Haikutokea haraka. Kwa muda mrefu alikuja kukaa karakanani, nami nilimletea soda. Siku moja akaacha kuniita kaka. Tuna watoto wawili wa kike. Anaponyamaza mezani najua amekwenda wapi, na najua siwezi kumfuata. Mtu aliye hai unaweza kushindana naye, ukamshinda walau siku moja. Katana hanenepi, hakoromi, hasahau kulipa umeme. Amebaki vile vile, amesimama majini na kamba mkononi.

Niliwahi kumuuliza Sidi, Katana alimwambia nini pale dirishani.

"Alinikumbusha nibadilishe chupa ya dripu," alisema.

"Na wewe ulimjibu nini?"

"Nilimwambia, ndiyo."

Labda ni kweli. Sijauliza tena.

Kila mwaka Sidi huenda Mtongwe kumwona mama yake Katana. Mimi nilikuwa nabaki, nikisema kazi ni nyingi. Mwaka huu binti yetu mkubwa amefaulu kuingia sekondari na Sidi akataka bibi yule amwone, akaniomba tufuatane sote. Nikafunga karakana.

Mama Katana alitupokea mlangoni. Amekuwa mdogo, mabega yamemwishia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu. Leo umekuja na wewe?"

"Nimekuja, mama."

Akatupikia wali wa nazi na samaki, akakataa Sidi amsaidie. Binti zetu walikuwa wanapigania kiti cha karibu na feni. Sidi akawagombeza kwa Kigiriama, wakajibu kwa Kigiriama. Yule bibi alikuwa amesimama na upawa mkononi. Akamtazama mkubwa. Akamtazama mdogo, kisha Sidi, kwa muda mrefu. Halafu akanigeukia mimi. Akaangalia tumbo langu, mvi zangu, mikono yangu juu ya meza yake.

Hakuwa na hasira. Lakini macho yale nayajua. Nimeyabeba mimi mwenyewe tangu siku nilipomtazama mwanawe akipewa funguo katika yadi ya Changamwe, na sikuwahi kuyaona kwa mtu mwingine yakinitazama.

Nilitaka kuinamisha kichwa. Nikaona si haki. Nikakaa wima, nikamwacha anitazame mpaka atosheke.

"Kula mwanangu," alisema mwishowe, akanijazia sahani.

Nikala.